Waliorudi Kakuma

Tarehe 9 Januari 2005, serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini walipotia saini sulhu yao mjini Nairobi, furaha ilienea hata Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambayo wakazi wake wa mwanzo aghalabu walikuwa vijana wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu. Na kabla mwaka haujaisha safari za kuwarejesha makwao zikaanza. Uhuru wa Sudan Kusini ukapatikana Julai 2011. Desemba 2013 wakubwa wa Juba, mji wake mkuu, wakahasimiana, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka tena mpaka wa Nadapal, hata ikabidi mwaka 2016 kufungua makazi mapya ya Kalobeyei.

Mimi maafa haya siyapimi kwa nyumba zilizoteketea, kwani nyumba hujengwa. Lakini mama aliyerudi kwao akalima, akaezeka mabati yake, kisha akakimbia na mtoto mgongoni akaja kupanga foleni ile ile ya chakula, huyo ukimpa habari ya mkataba mwingine, kama ule wa 2015 uliovunjika Julai 2016, au huu wa 2018, atamtuma kwanza mwana mmoja akapeleleze. Wadogo atawabakiza Kakuma kwa ajili ya shule, na akiba yake ataifunga katika pindo la kanga, asiitie dukani wala shambani. Nchi itajengwa na nani?

Kasoro, kwa rai yangu, imo katika kile kilichogawanywa na mikataba hiyo: vyeo na mapato ya mafuta. Jenerali George Athor aliposhindwa uchaguzi wa ugavana wa jimbo la Jonglei, huko Sudan Kusini, mwaka 2010 aliingia msituni. Na kwa nini asiingie, ilhali alikwisha kuona kwamba bunduki ndiyo iliyowapatia wenziwe viti?

Lakini iko sulhu ya namna nyingine. Magharibi ya Lodwar, huku huku Turkana, kuelekea Uganda, iko Lokiriama, ambako mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walifukia silaha ardhini, wasigawane cheo hata kimoja, bali maji na malisho, vitu ambavyo kila kiangazi humlazimu mchungaji kumwomba mwenziwe. Mikwaruzo haikukosekana, lakini kila mwaka hukutana kuikumbuka ahadi hiyo. Wala sisemi kwamba kufukia mikuki kunatosha: upande wa Kainuk, Waturkana na Wapokot wamekaa mabaraza mengi ya amani, ila waapao ni wazee, na wabebao bunduki ni vijana ambao aghalabu hawakuitwa barazani, ndiyo maana hupita vipindi ambavyo magari yatokayo Kitale kwenda Lodwar hayathubutu kupita hapo bila askari wa kuyasindikiza.