Utakatifu Ulio Chini: Makorongo ya Rungwe na Swali la Mahali pa Mungu

Dini kubwa zilizoenea duniani zimemzoeza mwumini kuutafuta utakatifu juu. Musa alipewa sheria mlimani, Yesu aligeuka sura mlimani, wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume Muhammad katika pango la Hira lililo kwenye Jabal Nur, na hata maombi ya kawaida, yawe ya kanisani au ya msikitini, huinua mikono kuelekea mbinguni. Mwanahistoria wa dini Mircea Eliade aliijengea hali hii nadharia mashuhuri, akieleza kwamba mlima mtakatifu ni nguzo ya ulimwengu, yaani mahali ambapo ardhi na mbingu hukutana. Wilaya ya Rungwe ina mlima unaoifaa nadharia hiyo, kwani kilele chake kinakaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na huonekana kutoka karibu kila mtaa wa Tukuyu pale ukungu unaporuhusu. Hata hivyo, anayeitembelea nchi hii kwa miguu hupata funzo tofauti, kwa sababu mvua, ambayo katika sehemu nyingi huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, imechimba majivu na miamba ya volkeno hadi ikaacha makorongo yenye misitu ambamo mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kuelekea Ziwa Nyasa. Kusafiri Rungwe ni kushuka na kupanda tena, na sehemu ya kushuka ndiyo ambayo wanafalsafa wa dini wameiandikia kidogo mno.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa wameipa sehemu hiyo ya kushuka maana tangu zamani. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwao kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta kwamba abasyuka, yaani mizimu ya wazee waliotangulia, hawakudhaniwa kuishi angani bali chini, ndani ya ardhi ileile inayootesha migomba na kuhifadhi makaburi. Katika maandishi yake ya miaka ya 1950, Monica Wilson alieleza pia habari za Lwembe, mtawala na kuhani wa Lubaga ambaye uhai wake ulihusishwa na mvua na rutuba ya nchi nzima: kabla hajakata roho, nywele na kucha zake zilichukuliwa na kufukiwa katika matope ya mto, ili nguvu ya kuotesha isiondoke pamoja naye. Jambo la kuzingatia hapa ni mahali palipochaguliwa. Mlima ulikuwapo, tena karibu, lakini kitu kilichohesabiwa kuwa cha thamani kuliko vyote katika mwili wa mtawala kilipelekwa bondeni, mahali pa chini kabisa ambapo maji na udongo huchanganyika.

Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walipofika mwaka 1891, walileta mafundisho yaliyogeuza mwelekeo huo. Mbingu ikawa juu, na wafu wema wakatarajiwa kupaa. Kwa jina la Mungu waliyemhubiri walitumia Kyala, ambaye kwa maelezo ya Monica Wilson alikuwa hapo awali mmoja wa mashujaa wa kale, mwenye mahali pake pa ibada karibu na ufuo wa Ziwa Nyasa. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi (na si kila mtaalamu ameyakubali), basi Mungu wa juu alipewa jina la mwenye makazi ya chini, na mkanganyiko huo haukumsumbua mtu kwa zaidi ya miaka mia moja. Familia ya Kimoraviani ya Rungwe inaweza kuimba juu ya nyumba ya mbinguni huku ikimzika babu yao hatua chache kutoka mlangoni, na ingekuwa haraka ya mgeni kuiita hali hiyo unafiki au ujinga. Pengine ni namna ya kukiri kwamba swali la mahali pa utakatifu halina jibu moja.

Falsafa ya Ulaya nayo ilijaribu kuieleza hali inayompata mtu mbele ya maporomoko na miamba. Mwaka 1790 Immanuel Kant aliandika kuhusu kile kinachoweza kuitwa ukuu unaotisha, yaani hali ya kustaajabu na kuogopa kwa pamoja mbele ya nguvu za maumbile, na katika mifano yake alitaja volkeno, majabali yanayoning'inia na poromoko la mto mkubwa. Ni kama vile alikuwa akiorodhesha vivutio vya Rungwe. Lakini aliweka sharti: mtazamaji awe mahali salama, kwani mwenye hofu ya kweli hawezi kustaajabu. Kutokana na usalama huo mtu hugundua kwamba maumbile yanaweza kuuponda mwili wake, ila akili yake inabaki kuwa kuu kuliko poromoko lolote.

Hoja hiyo ina nguvu kwenye ukingo, na hupungua nguvu kadiri mtu anavyoshuka. Anayelitazama Daraja la Mungu kutoka kando, yaani tao la mwamba wa volkeno lililovuka juu ya mto Kiwira bila mkono wa fundi, anaweza kuwa Mkanti kwa raha zake, na vivyo hivyo anayesimama kando ya Kijungu, pale mto huohuo unapoingia katika shimo la mviringo lililosagwa na mawe yenyewe. Ndani ya korongo hakuna ukingo wa kusimama. Mikangaga na mianzi hufunga upeo wa macho, na mngurumo wa maji hujaa pande zote kiasi kwamba chanzo chake hakijulikani. Mahali njia inapovuka kijito, mwenyeji anayeongoza huligonga kila jiwe kwa ncha ya fimbo kabla ya kulikanyaga, kwa maana jiwe lililokaa imara na jiwe linalocheza hayatoi mlio mmoja. Kisha humshauri mgeni avue viatu, kwa kuwa soli huteleza juu ya ukoga wakati vidole vya miguu hushika.

Msomaji wa Kurani hatakosa kukumbuka kwamba Musa aliamriwa kuvua viatu vyake, na kwamba mahali pale panaitwa bonde, bonde takatifu la Tuwa. Ni kweli kwamba anayevua viatu ndani ya korongo la Kiwira hufanya hivyo kwa kuogopa kuanguka, wala hakuna sauti iliyomwita. Hata hivyo tofauti kati ya tahadhari na unyenyekevu si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwili unaopunguza mwendo, unaoinama na kukubali kuongozwa na mtu anayepajua mahali, umekwisha kuchukua mkao ambao ibada huudai, hata kama moyo haujaamini chochote. Walio juu hutazama. Aliye chini anaangaliwa na mahali penyewe, na hana pa kusimama nje yake.

Hali hii inagusa pia swali la maarifa. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe mwenye mlio mzito wa kubweka, muda mrefu kabla ya wanasayansi. Watafiti walipopata habari zake walisita, kwa sababu katika masimulizi ya wenyeji wanyama wa kweli na wanyama wa kiroho hutajwa kwa pamoja, na haikuwa wazi kipunji ni wa kundi lipi. Walimthibitisha mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kisa hiki hakithibitishi kwamba mizimu ipo. Kinachoonyesha ni kwamba kutoonekana kutoka ukingoni ni ushahidi dhaifu sana wa kutokuwapo, na kwamba msitu wenye mtelemko mkali huwapa maarifa wale wanaoingia na kusikiliza.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu misitu ambamo watawala wa Wanyakyusa walizikwa haikuruhusu kila anayetaka kuingia. Utakatifu wake ulilindwa kwa kujizuia: watu walipita mbali na miti haikukatwa, na waliokuwa na kazi ya ibada ndio walioingia kwa siku yake. Katazo hilo lilihudumia pia mamlaka ya watawala na lilijaa hofu ambayo hakuna sababu ya kuitamani irudi. Lakini mtembezi wa leo, hata awe mnyenyekevu kiasi gani, anaongozwa na kanuni iliyo kinyume chake, kwamba kila korongo zuri linastahili kufikiwa. Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na sheria ikauchorea mpaka. Mwenye kibali hupita, asiye nacho huzuiwa. Mpaka wa kale uliuliza mtu ni nani na amekuja kufanya nini. Njia mpya za watalii zinapopangwa kuelekea maporomoko ya Rungwe, mjadala unaoheshimu historia hiyo ungeanza na korongo lipi libaki bila njia, na nani kijijini ana haki ya kuliteua.