Matambara ya Ebedmeleki

Somo: Yeremia 38:7-13



Nabii Yeremia alitupwa shimoni, naye akazama katika matope. Aliyemhurumia hakuwa mtu wa taifa lake. Alikuwa mgeni, Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Alipopewa ruhusa alichukua watu wa kumsaidia, lakini kwanza alipita chini ya hazina ya mfalme, akatwaa nguo kuukuu na matambara. Akayashusha kwa kamba, akamwambia nabii ayaweke makwapani, kamba isimguse mwilini. Ndipo wakamvuta.

Kamba peke yake ingetosha kumtoa, ila ingemchuna ngozi. Ebedmeleki aliwaza namna ya kumtoa mtu shimoni, tena akawaza maumivu ya yule anayetolewa. Hebu tuyatazame mambo mawili katika habari hii.

Jambo la kwanza, matambara yale yalipatikana kwa sababu yalikuwa yametunzwa. Hata nyumbani mwa mfalme nguo iliyochakaa haikutupwa. Sisi tulio na miaka sitini na zaidi twakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani. Kaptula ilitiwa kiraka, na kiraka kikatiwa kiraka. Leo mitumba imejaa sokoni Makambako, nayo imetufaa sana katika baridi yetu ya Juni na Julai. Lakini kitu kinachopatikana kwa urahisi hutupwa kwa urahisi. Ndiyo maana twaona sweta kuukuu mitaroni, na nyingine zikichomwa moto nyuma ya nyumba.

Yafaa tujue tunachokichoma. Pamba na sufu ni viumbe vya shambani na zizini, zikifukiwa huoza. Lakini poliesta hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini, nayo ni jamaa moja na chupa ya plastiki ya soda. Haiozi upesi, na moshi wake hudhuru vifua vya watoto.

Kuirudisha nguo kuwa nguo si kazi nyepesi. Huko Batley, Uingereza, mwaka 1813, Benjamin Law alianza kuchambua matambara ya sufu na kuyasokota upya kuwa kitambaa. Shida yake ni kwamba nyuzi zikichambuliwa hukatika na kuwa fupi, hivyo hazina budi kuchanganywa na sufu mpya. Na nguo nyingi za leo ni pamba na poliesta zilizofumwa pamoja; kuzitenganisha ni kama kutenganisha chumvi na unga. Taarifa ya shirika la Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilisema kwamba katika mali yote inayotumika kutengenezea nguo duniani, haifiki sehemu moja katika mia inayorudishwa kuwa nguo mpya.

Mwaka 2022 kampuni ya Renewcell ilifungua kiwanda kikubwa mjini Sundsvall, Sweden, cha kuyeyusha nguo kuukuu za pamba ili zifanyizwe nyuzi mpya. Februari 2024 kampuni hiyo ilifilisika, kisha mwaka huohuo ikapata mwenye mali mpya. Ujuzi ulikuwapo, waliopungua ni wanunuzi. Basi tujifunze hapa kwamba mashine hata ikiwa bora namna gani haifai kitu pasipo mioyo iliyo tayari kupokea kilichotengenezwa upya.

Karibu nasi zaidi, huko Nairobi, shirika la Africa Collect Textiles hukusanya nguo zilizochoka, na miongoni mwake hutengenezwa mazulia na mikoba. Kazi ya namna hiyo haihitaji kiwanda cha Ulaya. Sindano, uzi na mkasi vimo katika nyumba nyingi za Mahongole.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Tambara lilelile laweza kuwa huruma, tena laweza kuwa dharau. Mtu akimpelekea mjane sweta chafu lisilo na vifungo, akisema moyoni kwamba maskini hachagui, huyo ametupa kamba tupu shimoni. Mjane atavaa, kwa maana baridi haina adabu, lakini kamba itamchuna. Ebedmeleki naye alitoa vitu vikuukuu, wala hakulaumiwa, kwa kuwa alivitoa akiufikiri mwili wa mwenzake.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya baridi kuingia tufungue masanduku yetu. Nguo iliyo nzima ifuliwe, itiwe vifungo, ipigwe pasi, ndipo itolewe. Iliyotoboka itiwe kiraka. Masweta yasiyovalika yakatwe vipande na kushonwa pamoja kuwa blanketi. Akina mama wanaojua wawafundishe vijana, wavulana pia. Mabaki yajaze mito. Hata baada ya kuwalisha watu elfu tano Bwana wetu aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12).

Na anayepeleka asiishie mlangoni. Aingie, aketi, aulize habari za nyumbani. Nasi tuliokwisha kutolewa shimoni na Kristo, aliyezijua jeraha zetu, tusiwavute wenzetu kwa kamba tupu.

Bwana atujalie macho ya Ebedmeleki. Amina.