Shahidi Aliyekataliwa Mahakamani

Agosti 7, 1998, mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224. Nairobi, jengo la jirani la Ufundi liliporomoka na watu wakiwa ndani. Hasira iliyofuata ilikuwa ya haki.

Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, mshtakiwa wa mashambulizi hayo, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha Guantanamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi ambaye waendesha mashtaka walisema alimuuzia mshtakiwa baruti. Jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha Ghailani kizuizini. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, alipatikana na hatia ya moja tu, akafungwa maisha.

Wapo waliomlaumu jaji. Lawama iliwastahili waliomhoji Ghailani.

Watetezi wa mateso husema yanaokoa roho za watu. Lakini milipuko hii ilishatokea miaka mingi kabla ya mahojiano hayo. Tena ushahidi wa aina hiyo hauaminiki: mafakihi wengi wa Kiislamu walikwishakataa ukiri wa kulazimishwa, kwa kuwa aliyebanwa hunena lolote apate nafuu. Nao wafiwa wa Nairobi na Dar walistahili kuusikia ushahidi wote, hadharani, bila doa.