Vipande Havikutupwa

Usiku pale Mloka, kando ya mto Rufiji, twatazama nyota na kustaajabia kazi ya Muumba. Wataalamu watufundisha ya kuwa elementi nyingi hupikwa ndani ya nyota, lakini berili haiwezi kudumu katika joto lile. Hiyo ilizaliwa nje, tangu galaksi yetu ilipokuwa changa, hapo miali yenye nguvu ilipopiga kaboni na oksijeni angani na kuzivunja vipande.

Mwaka 2024 mafuriko ya Rufiji yalizamisha mashamba, na wengi walivunjika moyo. Tusiwaambie kwamba hasara si hasara. Bali tuwapelekee mbegu na chakula, tukiamini ya kuwa Mungu afanyaye kitu kipya kwa vipande hatawatupa watu wake. Amina.