Visiwa Vilivyozaliwa na Moto

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani tukisikia neno kisiwa, mawazo yetu huenda Lamu, Pemba na Ngazija. Walakini Mola wetu anavyo visiwa vingine mbali na maji ya chumvi, na ndani yake mna ibra ambayo haifai tuipite.

Katika nchi ya Gwassi, kaunti ya Homa Bay, uko mji mdogo uitwao Magunga. Milima ya nchi hiyo ni mabaki ya mlima mmoja mkubwa wa moto, ambao wenye elimu ya mawe wauita Kisingiri. Moto wake ulizimika zamani sana. Mvua na upepo vikaula mlima ule, na baadhi ya mbavu zake leo zimezungukwa na maji ya Ziwa Viktoria. Nazo ndizo visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Majivu ya mlima huo yalikuwa na chokaa nyingi. Yalipowafunika viumbe wa zama zile hayakuwaangamiza kabisa, bali yaliwahifadhi. Huko Rusinga yameonekana matunda, mbegu na wadudu waliogeuka mawe. Na mwaka 1948 Bibi Mary Leakey alipata hapo fuvu la mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia, ambalo umri wake wakadiriwa kuwa kiasi cha miaka milioni 18. Basi moto ule ule uliounguza ndio uliotunza. Na juu ya mawe yale yale Mwenyezi Mungu ameotesha majani, akamweka furukombe avue samaki, na fisi-maji na kenge wapate riziki yao ufuoni.

Nyuma ya milima hiyo liko bonde la Lambwe. Watu walilikimbia kwa miaka mingi kwa sababu ya mbung'o, aletaye ugonjwa wa malale. Lakini kwa kuwa watu walikimbia, wanyama walisalia. Mwaka 1966 bonde hilo lilifanywa hifadhi, na mwaka 1983 likawa mbuga ya taifa, nayo ndiyo Ruma. Humo yumo korongo, paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye kwengine kote katika Kenya amekwisha. Humo pia huja mbayuwayu wa rangi ya samawati kila mwaka kutoka kusini, bila ramani wala nahodha. Qur'ani imetufunza kwamba huenda tukalichukia jambo nalo lina kheri. Nani kati yetu angalidhani kwamba nzi mbaya yule angekuwa mlinzi wa korongo?

Sasa natuulizane: alichokilinda nzi, mwanadamu amekifanya nini? Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 iliwakuta korongo 15 tu. Mitego ya nyaya imewamaliza. Miti ya Gwassi hukatwa kwa makaa na kwa mashamba. Na ziwani, katika miaka ya 1950, alitiwa sangara kwa tamaa ya samaki mkubwa. Akawala furu, samaki wadogo waliokuwa na namna kwa mamia, hata nyingi katika hizo hazionekani tena.

Huenda mtu akasema: "Mambo haya ni ya bwana nyama na serikali, dini ina nini nayo?" Twamjibu kwamba Qur'ani imewaita wanyama na ndege umma mfano wetu, na imetuambia kwamba ufisadi wa bara na bahari watokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Mtume wetu, S.A.W., ametufunza kwamba mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila kumlisha, na kwamba mti aupandao Muislamu, akila ndege matunda yake, ni sadaka kwake. Ikiwa paka mmoja ana haki hiyo, umma mzima wa viumbe wafutwao duniani utadai nini Siku ya Hisabu?

Wala tusidhani kwamba lawama ni ya watu wa ziwani peke yao. Makaa tunayoyanunua bila kuuliza yatokako, ni miti ya mtu. Mikoko inayokatwa ovyo katika hori zetu ni kitalu cha samaki wetu. Na ndugu zetu wa Ngazija wajua jinsi neema ilivyo nyepesi kuondoka: mwaka 2005 majivu ya mlima Karthala yaliharibu maji ya birika zao. Hilo lilikuwa kadari ya Mola, wala hapana aliyeweza kulizuia. Lakini shoka na nyaya zimo mikononi mwetu.

Basi yatupasa mambo matatu: tusinunue nyama ya mtego, hata ikiwa rahisi, mwenye kukata mti na apande, na walimu wa vyuo wawafunze watoto kwamba kumwonea kiumbe ni dhuluma kama dhuluma nyingine.

Tumepewa amana, hatukupewa milki. Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kuirejesha kwako ikiwa salama. Amin.