Baba Wawili wa Magdalena

Mwanzoni mwa Juni 1530, katika ngome ya Coburg nchini Ujerumani, Martin Luther aliletewa barua yenye habari kuwa baba yake, mzee Hans, amefariki. Aliinuka, akachukua kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani peke yake. Veit Dietrich, kijana aliyekuwa katibu wake pale ngomeni, alieleza baadaye kwamba Luther alilia hata kesho yake kichwa kikawa kinamgonga.

Mwezi huohuo alimwandikia barua mwanawe wa kwanza, mtoto wa miaka minne aliyepewa jina la babu yake, Hans. Alimsimulia habari za bustani nzuri ambamo watoto wanaosali na kusoma huokota matufaha, mapea na cheri, na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Hans naye angeweza kuingia, tena na rafiki zake. Barua nzima haina fimbo hata moja.

Fimbo Luther aliijua. Mzee Hans alikuwa mtoto wa mkulima aliyejitosa katika machimbo ya shaba ya Mansfeld na kuinuka kwa jasho lake. Alitaka mwanawe awe mwanasheria, na nyumbani kwake hakukuwa na mchezo. Luther akiwa mtu mzima aliwasimulia wageni wake mezani kwamba siku moja mama yake alimchapa mpaka damu ikatoka, na kosa lilikuwa kokwa moja tu. Baba naye aliwahi kumpiga vibaya hata mtoto akawa anamkimbia na kumwekea kinyongo. Ila kisa hicho kina mwisho ambao wasimuliaji wengi huuruka: mzee hakutulia mpaka alipomvuta mwanawe na kumzoeza tena kuwa karibu naye.

Walikosana tena, na safari hii kwa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1505 Luther alinusurika radi njiani karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri, akaacha sheria na kuingia utawani. Mzee alifoka. Miaka miwili baadaye, mtoto alipoadhimisha misa yake ya kwanza, Hans alifika Erfurt na wapanda farasi 20, akatoa fedha nyingi kwa ajili ya jiko la watawa. Ungedhani yamekwisha. Mezani Luther akamwuliza kwa nini alikasirika vile, na mzee akamjibu mbele ya watawa wote kwa kumwuliza kama hajapata kusoma amri ya kumheshimu baba na mama. Jibu hilo halikumtoka Luther moyoni. Mwaka 1521 alipoandika kitabu juu ya nadhiri za utawa, alikitabaruku kwa baba yake na kukiri kwamba mzee alikuwa na haki.

Hapa ndipo penye swali. Luther mtawa alimwogopa Mungu kama mshtakiwa anavyomwogopa hakimu. Je, uso ule aliouona mbinguni ulikuwa wa mzee Hans? Mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika kitabu kizima mwaka 1958 akielekea huko, na wanahistoria wakamlaumu kwamba amejenga ghorofa juu ya visa viwili vitatu vya mezani. Lakini hofu iliyo nyuma ya hoja yake anaijua kila mchungaji aliyewahi kukaa na mtu mzima asiyeweza kusali Sala ya Bwana. Neno la kwanza tu, Baba, linamrudishia harufu ya pombe na mlio wa mkanda.

Mtume Paulo anaanzia upande wa pili. Katika Waefeso sura ya 3 anapiga magoti mbele ya Baba ambaye jamaa zote za mbinguni na duniani zimepata jina kwake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 imetumia hapo neno zuri, ubaba. Kwa hesabu ya Paulo, Mungu hakuazima jina kwa akina baba wa Mansfeld wala wa Moshi. Wao ndio walioazima kwake, na mwazimaji anaweza kulirudisha joho la watu likiwa limechanika. Kiteolojia hoja hiyo ni safi. Shida ni kwamba mtoto wa miaka minne hasomi Waefeso. Anamsoma baba yake.

Luther aliliona hilo kabla hata hajawa baba. Mwaka 1522, miaka mitatu kabla ya kumwoa Katharina von Bora, aliandika juu ya maisha ya ndoa na kumtaja baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka. Leo mitaani wangesema amekaliwa, au amelishwa limbwata. Luther alisema Mungu naye anacheka, pamoja na malaika wake, ila wanacheka kwa furaha, kwa sababu mtu yule anafua kwa imani. Ni rahisi kusifu nepi ambazo hujazigusa, lakini watoto sita walikuja baadaye, na nyumba ile ya Wittenberg ikajaa.

Kule Coburg, Katharina alimpelekea picha ya binti yao Magdalena, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja. Kwanza baba hakumtambua, akaona mtoto amechorwa mweusi mno. Kisha akaizoea, ikatundikwa ukutani mkabala na meza ya chakula, na Dietrich akamwandikia mama kuwa picha ile inampunguzia Luther mawazo.

Asije mtu akamvika Luther mabawa. Maneno aliyoandika dhidi ya Wayahudi mwaka 1543 ni ya aibu, na makanisa mengi ya Kilutheri yameyakana hadharani. Hata nyumbani, mwanawe Hans alipokosa, alikataa kumwona siku tatu, na mkewe na rafiki zake walipomwombea msamaha alisema ni afadhali kuwa na mtoto aliyekufa kuliko mtoto mbaya. Huyo ndiye aliyeandika habari za farasi wenye hatamu za dhahabu. Mwana mpotevu wa Luka 15 alipokelewa na baba aliyemkimbilia akiwa bado mbali. Huyu alikaa chumbani akisubiri barua ya toba.

Septemba 1542 Magdalena, sasa binti wa miaka 13, aliugua. Alitamani kumwona kaka yake Hans, aliyekuwa shuleni Torgau. Luther akatuma gari la farasi limlete, akamwomba mwalimu asimwambie kijana anaitiwa nini. Kisha akamwuliza binti pale kitandani kama angependa kubaki hapa na baba yake, au kama yuko radhi kwenda kwa yule Baba mwingine. Magdalena akajibu kwamba iwe kama Mungu apendavyo. Alipokuwa akikata roho, Luther alipiga magoti kando ya kitanda, na binti akafia mikononi mwake tarehe 20. Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kuwa yeye na mkewe walipaswa kushukuru, ila kwikwi haziwaachi.

Swali lile la kitandani lisingeweza kuulizwa katika kila nyumba. Kumwambia mtoto anayekufa kwamba anakwenda kwa Baba ni faraja tu ikiwa neno hilo limekwisha kuwa tamu masikioni mwake. Magdalena hakuuliza huyo Baba wa pili yukoje, kwa kuwa wa kwanza alikuwa pale kando yake.

Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, ambayo vijana wa kipaimara wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) bado wanaikariri, haikuwa na maelezo ya maneno ya kwanza ya Sala ya Bwana. Yaliongezwa katika toleo la 1531, mwaka mmoja baada ya Coburg, na yanasema Mungu anataka kutuvuta tumwombe bila hofu kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Na juu ya kila sehemu Luther aliandika kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hakuandika mwinjilisti, wala mwalimu wa Jumamosi. Basi baba mwenye mtoto wa kipaimara mwaka huu, mwombe kitabu chake leo baada ya chakula, ukae naye, umsikilize ukurasa mmoja. Na kama kuna siku ulimpiga akakukimbia, anza na hilo kwanza.