Usiache Mbachao: Je, Kinachotosha Kinaweza Kupitwa na Wakati?

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana. Ya kwanza yasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya pili yatuonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Darasani nilizikariri zote mbili bila taabu. Likizo iliyopita, katika kibanda cha video cha mjomba wangu, nililazimika kuchagua moja, ndipo nikauona ugumu wake. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, kitu kinachofanya kazi yake vizuri kinaweza kuhesabiwa kuwa kimepitwa na wakati kwa sababu tu kimezuka kingine? Na anayeombwa ushauri ana wajibu gani ikiwa jibu mojawapo litamfaidi yeye mwenyewe?

Kwa msomaji asiyetoka Uganda, kibanda cha video ni ukumbi mdogo wa kutazamia filamu. Cha mjomba kina kuta za mbao, paa la mabati, projekta moja na mabenchi ya watu wapatao sitini. Kiingilio ni shilingi 500. Wateja wake wengi ni waendesha bodaboda, wachuuzi wa sokoni na vijana wasio na runinga nyumbani. Filamu za kigeni huwafikia kupitia kwa mtafsiri tunayemwita VJ, ambaye sauti yake hurekodiwa juu ya sauti ya filamu. Hueleza kwa Kiganda yanayosemwa, na mara nyingi hutia chumvi yake mwenyewe.

Mjomba ana risiva aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni ya mfumo wa 5.1, yaani spika tatu za mbele, mbili za pembeni na moja ya besi. Muuza vifaa mmoja mjini alimwambia kwamba risiva hiyo imekwisha kufa, kwa kuwa filamu mpya hutengenezwa kwa sauti ya Dolby Atmos na DTS:X. Akamtajia bei ya risiva mpya pamoja na spika mbili za kutundika juu: shilingi 2,500,000. Mjomba alikusudia kukopa kwenye chama cha akiba, kisha kupandisha kiingilio hadi shilingi 1,000 ili alipe deni. Kabla ya kukopa aliniita. Nyumbani hatuzungumzi Kiswahili, kwa hiyo maneno yake nayatafsiri: "Mpwa wangu, wewe ndiye unayetengeneza redio za wenzako huko chuoni. Chunguza jambo hili, uniambie. Nikinunua mpya, hii ya zamani utaichukua hosteli."

Nakiri kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo niliyoisikia vizuri zaidi. Kwa siku tatu sikuchunguza chochote. Nilikuwa nikipima kwa macho ukuta wa chumba changu cha hosteli.

Siku ya nne nilianza kazi. Ukweli wa kwanza ni kwamba mifumo mipya si uongo. Mifumo ya zamani huigawa sauti kwa chaneli: hii ya kushoto, hii ya kulia, hii ya nyuma. Atmos, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014, inaweza kuipa sauti moja moja mahali pake, hata juu ya kichwa cha msikilizaji, kisha risiva ikakokotoa ni spika zipi ziitoe. DTS:X, iliyofuata mwaka 2015, hufanya kazi kwa wazo hilohilo. Helikopta ikipita kwenye filamu, inaweza kusikika ikipita juu.

Ukweli wa pili muuzaji hakuusema. Mifumo hiyo iliundwa ili isivitupe vifaa vya zamani. Katika diski za Blu-ray, maelezo ya Atmos hubebwa ndani ya sauti ya aina ya TrueHD. Risiva isiyoyaelewa huyaacha na kucheza sauti iliyobaki. Risiva isiyoielewa hata hiyo TrueHD hupokea sauti ya kawaida ya Dolby Digital. Kwa hiyo risiva ya mjomba haikuwa imekufa.

Ukweli wa tatu nilikuwa nimeukalia mwenyewe. Nilifungua kwenye kompyuta faili kumi na mbili za filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo watu hulipia kuziona. Zote zilikuwa na chaneli mbili tu. Risiva mpya ingeweza kuitawanya sauti hiyo kwenye spika nyingi, lakini isingeweza kurudisha kitu ambacho hakimo. Zaidi ya hayo, mvua inaponyesha juu ya mabati yale, hakuna spika ya kutundikwa inayoweza kushindana nayo.

Hapo ningeweza kuhitimisha kwamba mbachao ndio bora. Lakini kuna hoja mbili zinazonipinga, na zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya maendeleo. Kila mtu akiridhika na kinachotosha, hakuna kitakachobadilika. Hata 5.1 ilikuwa ngeni siku moja, na bila shaka palikuwa na mpwa fulani aliyemwambia mjomba wake kwamba spika mbili zinatosha. Hoja hii ni ya kweli, ila haisemi kwamba kila kipya kinamfaa kila mtu mahali popote. Aristotle alifundisha kwamba wema hukaa katikati ya kuzidi na kupungua, na kwamba hapo katikati hupimwa kwa hali ya mhusika. Kwa mwenye ukumbi wenye dari na diski halisi, kununua risiva mpya kunaweza kuwa kiasi. Kwa mjomba, wakati ule, kulikuwa kuzidi.

Hoja ya pili iliniumiza zaidi. Mimi ni nani hata nimwambie mwendesha bodaboda kwamba kidogo kinamtosha? Mara nyingi maskini huhubiriwa kutosheka na watu ambao wao wenyewe hawatosheki. Mimi niliyekuwa nikiitamani risiva iliyotumika ningewezaje kuwa mhubiri? Sikupata jibu kichwani mwangu. Nilimwomba mjomba tuwaulize wateja wenyewe.

Tuliwauliza jioni mbili mfululizo. Hakuna aliyetaja sauti ya juu ya kichwa. Mmoja alitaka feni. Wengi walisema jambo moja: "Tunasikia mabomu, hatumsikii VJ." Nilipochungulia nyuma ya pazia nikaona sababu. Spika ya katikati ilikuwa imeungua zamani, waya wake ukaachwa unaning'inia. Sauti ya VJ hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia, na risiva ile ya zamani ina Pro Logic II, ambayo kazi yake mojawapo ni kuipeleka sauti ya namna hiyo kwenye spika ya katikati. Tulinunua spika moja iliyotumika kwa shilingi 80,000, tukapunguza besi, tukawasha Pro Logic. Usiku ule watu walicheka mahali VJ alipokusudia wacheke.

Sisimulii haya ili nionekane mshindi. Mwezi uliofuata, kibanda cha jirani kilibandika tangazo la mashine mpya, na baadhi ya vijana wakahamia huko. Mjomba alinipigia simu kuniarifu, na sauti yake haikuwa ya shukrani. Ushauri wa kweli ulimgharimu, nami sikugharimika chochote ila risiva niliyokuwa sijaipata. Jambo hilo bado linanisumbua.

Hata hivyo nasimama na jibu langu. Kitu hakipitwi na wakati kwa kuzaliwa kwa kingine. Hupitwa kinaposhindwa kuwahudumia wale ambao kipo kwa ajili yao. Basi kabla ya kubadilisha, tuulize maswali mawili: nani atakayeisikia tofauti, na nani atakayeilipia? Pale kibandani, wa kuisikia hakuwapo, na wa kuilipia angekuwa kijana mwenye shilingi 500 ambaye angebaki nje mlangoni. Filamu zenye sauti hiyo zikifika siku moja, na paa likapata dari, nitakuwa wa kwanza kumwambia mjomba anunue. Ila siku hiyo nitamwomba kwanza ile ya zamani amwahidi mtu mwingine.